Redio inakoroma mchana sola ikiwaka: PWM ya chaji kontrola na AM ya redio ni ndugu?

SWALI: Mbukwenyi mkuu, shikamoo. Niko Mvumi huku Chamwino, nina kibanda cha kunyoa na kuchaji simu. Paneli moja ya wati 100, betri ya maji N70 ya volti 12, na chaji kontrola ndogo imeandikwa PWM. Mzee wangu anakaa hapo na redio yake anapenda AM. Asubuhi inasikika vizuri kabisa, ikifika saa saba saa nane mchana inaanza kukoroma grrrr AM yote, FM haina shida. Fundi mmoja mjini kaniambia tatizo ni PWM, ninunue MPPT. Sasa shule tulifundishwa modulesheni ni AM na FM, hii PWM nayo ni modulesheni? Inasafirisha ujumbe gani na hakuna redio humo ndani? Na feni yangu ya volti 12 naweza kuipunguza spidi bila kuweka rizista maana niliyoweka inachemka mpaka inanuka.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mbukwa. Umemwaga maswali matatu kwa pumzi moja ila yote mzizi wake mmoja, na wewe mwenyewe umetoa dalili ya maana kuliko huyo fundi, hiyo ya kwamba asubuhi redio iko poa na mchana ndo inakoroma. Ishike hiyo tutairudia.

Tuanze na hili la shule. Modulesheni ni hivi, una ujumbe unaokwenda taratibu, una wimbi jingine linalokwenda mbio kuliko huo ujumbe, halafu unabadilisha kitu kimoja kwenye lile wimbi la mbio kwa kufuata ujumbe. Basi. Ukibadilisha ukubwa wa wimbi hiyo ndo AM. Tuseme stesheni iko kilohezi 999, wimbi lake linapanda na kushuka mara 999,000 kila sekunde, mtangazaji akipaza sauti wimbi linanenepa akinyamaza linarudi kiasi chake, spidi ileile. Ukiacha ukubwa hivyohivyo ukachezea spidi hiyo ni FM, na stesheni ya FM hapo juu kwenye megahezi 87.5 mpaka 108 inaruhusiwa kuyumba mpaka kilohezi 75 kila upande. Yule Mmarekani Edwin Armstrong aliyepata patenti za FM mwaka 1933 alikuwa anapigana na hicho hicho kinachomsumbua mzee wako, makelele. Radi, mota, swichi, vyote hivi vinakuja kuongeza au kupunguza ukubwa wa wimbi, na redio ya AM inasoma ukubwa, kwa hiyo inameza kelele yote inadhani ni mtangazaji. Redio ya FM kabla haijasoma chochote inakata vichwa vya wimbi vyote viwe sawa, inabaki inaangalia spidi tu.

Sasa PWM, yaani modulesheni ya upana wa pigo. Hapa wimbi la mbio sio la kupanda na kushuka kwa ulaini, ni la kuwasha na kuzima, yaani ipo haipo, na kinachobadilika ni muda wa kuwa imewashwa kwenye kila mzunguko. Chukua kontrola inayokata mara 250 kwa sekunde, kila mzunguko unachukua milisekunde 4. Ikiwasha milisekunde 1 ikazima 3 ni asilimia 25, paneli yako inayotoa kama ampea 5.5 jua likiwa kali inakuwa inaipa betri wastani wa ampea 1.4 hivi. Ikiwasha 4 zote ni asilimia 100, yaani swichi imefungwa moja kwa moja na paneli imeungana na betri kama waya mtupu.

Ujumbe uko wapi? Ujumbe ni hali ya betri. Kontrola inapima volti ya betri, inaona bado inahitaji kiasi gani, inageuza hicho kiasi kuwa upana wa pigo. Na "redio" inayopokea ni betri yenyewe, maana betri ni nzito haiwezi kufuatilia mapigo 250 kwa sekunde, inachoona ni wastani tu. Kwa hiyo ndiyo, ni modulesheni halali kabisa, tofauti iko kwenye lengo, mtu wa redio anataka ujumbe ufike na wimbi lililoubeba likishafika litupwe, mtu wa umeme anataka nguvu ifike kwa kipimo na ujumbe ni wa kumsaidia tu kupima.

Ukitaka kuona hizi familia mbili zinavyokutana angalia zile amplifaya ndogo za klasi D zinazofungwa kwenye bajaji na spika za bluutuu. Humo ndani muziki unageuzwa kuwa mapigo ya PWM laki kadhaa kwa sekunde, mapigo yanapita kwenye transista zinazowasha na kuzima tu, halafu kabla ya spika kuna koili na kapasita inayolainisha, muziki unatoka kama ulivyoingia. Huo ni mtambo wa redio na redio yake vimekaa kwenye bodi moja ya ukubwa wa kiberiti! Inveta ya sine safi nayo ni hivyohivyo, ujumbe wake ni wimbi la hezi 50, mapigo yanaweza kuwa 20,000 kwa sekunde, upana unapanda unashuka kufuata hilo wimbi, koili na kapasita inamalizia. Hata rimoti ya king'amuzi iko kwenye ukoo huu, taa yake inawakawaka kama mara 38,000 kwa sekunde kwa vipindi vifupi na kwa rimoti nyingi ujumbe umefichwa kwenye urefu wa mapumziko kati ya kipindi na kipindi, hebu ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze utaiona inawaka. Zile dima za taa za ukutani na rigaleta za feni za umeme wa TANESCO wengi wanaziita PWM, sio, zile zinakata kipande cha wimbi la hezi 50 kila baada ya milisekunde 10, ni binamu wa mbali.

Haya twende kwenye kukoroma.

Fourier, Mfaransa wa zamani, alionyesha kwamba wimbi lenye kona kali ni mkusanyiko wa mawimbi laini mengi sana yamepangwa juu ya mwenzake. Kwa hiyo kontrola yako inayokata mara 250 haitoi hezi 250 peke yake, inatoa 500, 750, 1000, inapanda hivyohivyo hatua za 250 mpaka laki na malaki, kila linalofuata kwa ujumla dhaifu kidogo kuliko la chini yake. Linafika wapi inategemea swichi inageuka haraka kiasi gani. Mosfeti, yaani transista inayofanya kazi ya swichi humo ndani, ikigeuka ndani ya nanosekunde 100 hayo mawimbi yanashuka polepole tu mpaka kwenye megahezi 3 hivi ndo yanaanza kuporomoka. Sasa bendi ya AM huku Afrika inaanzia kilohezi 531 inaishia 1602, iko katikati ya moto kabisa. FM iko megahezi 88 kwenda juu, huko yameshachoka, na hata yakifika redio inakata vichwa kama nilivyosema. Ndo maana FM yako haina shida.

Na kwa nini mchana? Hapa ndo nasema dalili yako imefanya kazi ya mita. Asubuhi betri ina njaa maana usiku umewasha taa na simu za watu, kontrola inaona volti 12 na kitu, inafunga swichi asilimia 100 na kuiacha hivyo. Hakuna kukata, hakuna kona, hakuna kelele, redio ya mzee inaimba. Ikifika saa saba betri inagonga kwenye volti 14.4 hivi ambayo ndo kikomo cha kontrola nyingi kwa betri za maji, hapo sasa inaanza kukata ili isizidi, na waya zako za kwenda juu ya bati zinageuka antena inayotangaza kukata huko kwa kijiji kizima. Kwa hiyo mlio wa grrrr ni taarifa kwamba betri imekaribia kushiba. Jioni ukichomeka simu nyingi kwa pamoja sikiliza, mlio utabadilika au utakata kabisa.

Ila usiniamini kwa maneno, jaribu hivi. Mlio ukianza mchana panda na blanketi au khanga mbili tatu nzito uifunike paneli yote. Mlio ukikatika pale pale, ujue tatizo ni upande wa paneli na kontrola. Usipokatika basi mchawi ni kitu kingine, na kwa kibanda cha kuchajia simu mimi nitaanza kushuku zile chaja za bei chee za kuchomeka kwenye volti 12 na balbu za LED zisizo na jina, maana zile nazo zina swichi ndani inayokata mara elfu nyingi kwa sekunde na hazina kichujio hata cha kudanganyia. Zichomoe moja moja redio ikiwa imewashwa utamjua. Nasema funika kwa khanga na sio kuchomoa waya kwa sababu nimeona watu wanachomoa waya wa betri kwanza paneli ikiwa bado inasukuma, kontrola inapigwa na volti zote za paneli na vitu vya upande wa taa vinaungua. Ukilazimika kuchomoa, paneli itoke kwanza betri iwe ya mwisho, ukirudisha betri iwe ya kwanza.

Kurekebisha. Cha bure kabisa ni kuigeuza redio. Ndani ya redio ya AM kuna kijiti cheusi cha feraiti kimezungushiwa waya, ndo antena yake, na kina tabia ya kuwa kiziwi kwa mawimbi yanayokuja kwa kuelekea ncha zake. Zungusha redio mezani taratibu kama robo duara, utapata mahali mlio unazama na stesheni bado ipo. Ile antena ya fimbo ya kuvuta juu ni ya FM na masafa mafupi, kuichezea hakusaidii AM. La pili sogeza redio, mita tatu nne kutoka kwenye kontrola na waya zake inaleta tofauti kubwa maana kelele ya namna hii inapungua haraka ukiondoka karibu. La tatu angalia waya zako za paneli, nabeti mmoja umepita huku na mwingine kule, umetengeneza duara kubwa juu ya nyumba, hiyo ni antena ya kutangazia kelele. Zisokote pamoja kama kamba kuanzia paneli mpaka kontrola, kila upande unafuta mchango wa mwenzake. Hii moja mara nyingi inatosha. Kama bado, tafuta pete ya feraiti, ule uvimbe mweusi kwenye waya za monita za kompyuta za zamani ndo wenyewe, mafundi wa kompyuta wanatupa, pitisha waya zote mbili kwa pamoja mara tatu nne karibu na kontrola.

Kuna ushauri unazunguka wa kuweka kapasita kubwa kwenye mlango wa paneli, usifanye hivyo kwa kontrola usiyoijua. Baadhi zinapunguza chaji kwa kuipiga paneli shoti, yaani kuunganisha waya zake mbili, paneli yenyewe haidhuriki kwa hilo, lakini ukiweka kapasita kubwa pale mosfeti itakuwa inaipiga shoti kapasita kila mzunguko, na haitamaliza mwezi.

MPPT sasa, yaani kontrola inayoifuatilia paneli pale inapotoa nguvu nyingi zaidi. Fundi wako anasema ukinunua MPPT mlio utaisha. Hapana bwana. MPPT nayo ni PWM! Tena inakata mara makumi elfu kwa sekunde na muda wote, asubuhi mpaka jioni, sio mchana tu. Tofauti ni kwamba baada ya swichi kuna koili, hivyo inaweza kuiacha paneli kwenye volti yake nzuri huku ikishusha volti ya kwenda betri na kuongeza ampea. Ikiwa ya kiwanda kinachojiheshimu imechujwa vizuri utakuwa salama, ikiwa ya bei ya kutupa mzee atakosa hata taarifa ya habari ya asubuhi.

Kwenye chaji faida ipo, ila tupige hesabu za Dodoma sio za kwenye boksi. Paneli yako ya wati 100 ni ya seli 36, nguvu yake nzuri iko kwenye volti 18 na ampea 5.5, lakini hiyo ni seli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Mvumi saa saba mchana seli inafika 60 bila wasiwasi, na kila nyuzi moja inakula karibu asilimia 0.45 ya hiyo volti, kwa hiyo 18 imeshakuwa 15. PWM inailazimisha paneli ikae kwenye volti ya betri, tuseme 13, zidisha kwa 5.5 unapata wati 71 na nusu. MPPT inachukua 15 mara 5.5 ni wati 82, toa kinacholiwa na yenyewe unabaki na 78 hivi. Umepata wati sita saba. Asubuhi na ubaridi wa mwezi wa saba pengo linakuwa pana zaidi ila asubuhi jua lenyewe ni dogo. Mimi kwa paneli moja ya wati 100 hela ya MPPT ningenunulia paneli ya pili, na hii ya kwanza ningeiinua juu ya bati kwa vipande vya mbao sentimita 10 au 15 upepo upite chini yake, huo upepo wa Dodoma unaowapeperushia vumbi ufanye kazi. Na vumbi lenyewe lifute kila wiki kiangazi hiki.

Pale ambapo sitabishana na fundi ni kama una mpango wa kuleta zile paneli kubwa za seli 60, volti 30 na wati 250. Ile ukiifunga kwa PWM kwenye betri ya 12 unapata 13 mara ampea 8.3, wati 108, zaidi ya nusu umeiacha juu ya paa. Hapo MPPT ni lazima.

Na ukienda kununua uangalie, maana kuna kontrola nyingi zimebandikwa maandishi MPPT na ndani ni PWM ile ile. Iinue mkononi, ya kweli ina uzito kwa sababu ya koili, ukichungulia kwenye matundu ya pembeni unaona pete au kijisanduku kimezungushiwa waya nene wa shaba. Hakuna koili hakuna MPPT. Ukishaifunga, asubuhi betri ikiwa na njaa weka mita kwenye waya za paneli kisha kwenye waya za betri. Zikisoma karibu sawa, 12.9 na 12.7 hivi, umeuziwa PWM. Ya kweli itakuonyesha 15 mpaka 18 kwa paneli na 12 na kitu kwa betri.

Feni. Rizista inachemka kwa sababu kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto, feni inayokula ampea 1.2 ukitaka kuipunguzia volti 5 unachoma wati 6 hapo hapo, na hizo umezilipia kwa jua lako. Transista ukiifungua nusu nusu ni hadithi hiyo hiyo, inachemka badala ya rizista. Uzuri wa PWM ni kwamba mosfeti inakuwa imefunguka kabisa au imefunga kabisa, ni kama foleni ya gari getini, anayechosha watu ni yule anayesimama mlangoni hajaingia hajatoka. IRFZ44N ikiwa imefunguka vizuri ina upinzani usiozidi ohmu 0.0175, kwa ampea 2 hiyo ni wati 0.07, unaishika kwa mkono haina habari.

Saketi ni IC 555 (chipu ya kutoa mapigo), potenshomita (rizista ya kuzungusha) ya kilo-ohmu 100, daiodi mbili ndogo, kapasita na hiyo mosfeti, mafundi redio wa mjini wanaijua wote. Mambo ya kumkumbusha: IRFZ44N inataka volti kama 10 kwenye mguu wa geti, 555 ikiendeshwa na volti 12 inatosha, lakini akikuendeshea kwa bodi ya volti 5 adai IRLZ44N la sivyo itafunguka nusu na kuchemka. Weka daiodi kinyume kwenye nyaya za feni kumeza teke la mota kila swichi inapozima, na isiwe 1N4007 kila mtu anayoiweka, ile ni ya ampea 1 na ni mzito wa kufunga, weka 1N5822. Frikwensi ikiwa mia tano hivi feni italia nzii kama mbu, ukipandisha juu ya 20,000 sikio halisikii tena ila ndo umerudi kumchokoza mzee na redio yake, kwa hiyo waya za feni nazo fupi na zisokotwe. Hii yote ni kwa feni ya mota ya brashi. Kama ni ile ya kwenye kompyuta usiikate umeme wake, yenye waya nne ule waya wa nne ndo unapokea PWM ya kilohezi 25, na yenye mbili au tatu ishushie tu volti kwa moduli ndogo ya kushushia.

Fanya lile la khanga kwanza. Halafu nipimie volti ya betri saa nne asubuhi na saa nane mlio ukiwepo unitumie zote mbili, ikiwa ya saa nane imezidi 14.8 hiyo kontrola inaichemsha betri na tuache habari ya redio kwanza tuangalie maji ya betri.